Kuitembelea Bagamoyo ya zamani kwa miguu bila mwongoza watalii: tuanzie wapi?

BabaWawili

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Nina nia ya kuwapeleka watoto wangu wawili, mmoja wa kidato cha pili na mwingine wa darasa la sita, pamoja na baba mkwe wangu ambaye amestaafu na anatembea kwa mkongojo, tukaione Bagamoyo Jumamosi moja mwezi ujao. Tutatoka Dar es Salaam asubuhi kwa gari letu na tungependa kurudi kabla giza halijaingia. Tumekubaliana kutembea wenyewe, kwa mwendo wetu, tukisimama pale panapotuvutia, kwa sababu mzee hapendi kuharakishwa na watoto nao huchoka upesi wakisomewa maelezo marefu ambayo hawakuyaomba.

Nimeitazama ramani ya simu na nimeona majina mengi: Caravan Serai, Ngome Kongwe, Nyumba ya Liku, Boma la Wajerumani, forodha ya zamani, posta ya zamani, misheni, halafu Kaole kule nje ya mji. Kuyapata majengo hayo sioni kama ni kazi. Kinachonitatiza ni kwamba kwa mgeni yote yanafanana, kuta nyeupe zilizobanduka na milango mikubwa ya mbao, na sitaki watoto warudi nyumbani na picha tele wasizojua ni za nini. Naomba wanaoufahamu mji huo wanieleze tuanzie wapi, tupite njia ipi, tuangalie nini hasa, na kama misheni na Kaole vinaweza kuingia katika siku hiyo hiyo bila kumchosha mzee.

Natanguliza shukrani.

---

Mwalimu wa Zamani

Ndugu BabaWawili, nilifundisha historia katika mkoa huo kwa muda mrefu, na nimewapitisha wanafunzi wengi katika mitaa hiyo. Wageni wengi huegesha gari mbele ya Boma kwa kuwa ndilo jengo linaloonekana zaidi, wakaanzia hapo matembezi yao. Matokeo yake ni kwamba wanaanza na mwaka 1897, lilipojengwa, wakati ambapo biashara iliyoijenga Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuingia machweo. Mimi nashauri mfanye kinyume. Anzieni upande wa bara mshuke kuelekea baharini, kama walivyoingia wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji, kwa maana mji huo ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya nchi kavu kabla haujawa makao ya serikali yoyote.

Kituo cha kwanza kiwe Caravan Serai, penye ua mpana na jengo la ghorofa katikati. Sehemu kubwa ya mnachokiona imekarabatiwa, kwa hiyo msiwaambie watoto kwamba kila jiwe ni la karne ya 19. Waambieni badala yake wasimame uani na wafikirie idadi ya watu. Katika miaka ambayo biashara ilishamiri, wapagazi waliopita Bagamoyo kwa mwaka mmoja walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao Wanyamwezi, na ua huo usingeweza kuwatosha hata kwa msimu mmoja. Wengi walilala kwenye vibanda pembezoni mwa mji, wakisubiri ujira wao na mzigo wa kurudi nao: vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Walichokuwa wameleta mabegani kilikuwa hasa pembe za ndovu.

Hapa naomba nisisitize jambo moja, kwa sababu mtalisikia likisemwa kwa namna tofauti kila kona. Bagamoyo huelezwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa soko la watumwa na hapakuwa na kingine. Watumwa walipitishwa pale, hilo halina ubishi, na misheni yenyewe ilianza kwa kuwakomboa na kuwapa makazi. Hata hivyo bandari iliyoongoza kwa kusafirisha watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa, na uti wa mgongo wa Bagamoyo ulikuwa pembe na wapagazi waliofanya kazi kwa ujira. Mkiwaeleza watoto hivyo, majengo yatakayofuata yataeleweka, kwa kuwa mengi ni nyumba za wafanyabiashara, maghala na ofisi za watoza ushuru.

Kutoka hapo shukeni kuelekea baharini mpaka Mtaa wa India, kisha mgeuke kwanza kusini mkaione Ngome Kongwe. Ilianza kujengwa miaka ya 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, Wajerumani wakaifanya kambi ya askari, Waingereza wakaitumia kama gereza, na baada ya uhuru polisi nao wakakaa humo. Mnaweza kuzisoma zama hizo katika ukuta wenyewe, maana jengo lililokusudiwa kuwa makazi halina sababu ya kuwa na kingo zenye matundu ya bunduki. Mtasimuliwa pia habari za njia ya chini kwa chini iliyowapeleka watumwa mpaka ufukweni. Isikilizeni kama simulizi la mji. Karibu na hapo, kuelekea ufukweni, yapo makaburi ya askari wa Kijerumani waliokufa wakati wa vita vya 1888 na 1889 kati yao na watu wa mwambao na miaka michache iliyofuata, na si mbali nayo ipo alama ya mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliowapinga. Vitazameni vyote viwili kwa pamoja. Kaburi lina jina na tarehe, ilhali walionyongwa hawakuandikiwa jina hata moja, na mtoto wa kidato cha pili ana umri wa kutosha kuuliza kwa nini.

Kisha rudini kaskazini kwa Mtaa wa India polepole. Huo ndio moyo wa matembezi, na mzee atapata mabaraza ya kupumzikia. Nyumba za pande zote mbili zilikuwa maduka chini na makazi juu. Mtu wa kumtaja hapo ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismaili aliyeziandalia safari za bara wapagazi na bidhaa, zikiwamo za Stanley, yule mvumbuzi maarufu. Mwaka 1896 alitoa jengo la shule katika mji huo kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote, jambo ambalo serikali ya wakati ule isingelifikiria kwa hiari yake. Kama watoto wako wamewahi kusikia jengo la Sewahaji pale Muhimbili, ni mtu huyo huyo aliyetoa fedha za hospitali ya mwanzo ya Dar es Salaam.

Nyumba ya Liku ndiyo iliyokuwa makao ya kwanza ya utawala wa Kijerumani, kati ya 1888 na 1891. Waelezeni watoto kwamba Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kuchukua forodha za pwani kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1888, watu wa mwambao waliinuka chini ya Abushiri bin Salim katika eneo hili na Bwana Heri kule Saadani, na mji huo ukapigwa mabomu kutoka baharini. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi huo huo Stanley alikuwa ameingia Bagamoyo na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, ikafanyika karamu kubwa ya kuwapokea, na Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akatoka dirishani badala ya mlangoni akaanguka kutoka ghorofani. Alivunjika vibaya lakini alipona. Watoto hukisahau kila kitu nilichowafundisha isipokuwa kisa hicho.

Ndipo mfike Boma. Wakati huu mtakuwa na swali la kujiuliza mbele yake: serikali ilihamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa nini basi jengo kubwa namna hii lilijengwa miaka sita baadaye? Jibu ni kwamba wilaya ilibaki, na ushuru wa misafara ulikuwa bado unaingia. Teremkeni mpaka forodha ya mwaka 1895 iliyo ufukweni, mtazame maji. Ufuo ni mpana na kina ni kifupi, jahazi hukaa juu ya mchanga maji yakitoka, na meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali. Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya kina kirefu iliyojificha dhidi ya mawimbi. Reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, msafara wa miguu ulipoteza maana yake, na hiyo ndiyo sababu Bagamoyo imebaki na majengo yake ya zamani: hapakuwa na fedha za kuyabomoa na kujenga mapya.

Posta ya zamani iko mbele kidogo, itazameni kwa ajili ya mlango wake, halafu mle chakula cha mchana.

---

Fundi Chokaa

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako yametosheleza kwa upande wa historia, kwa hiyo mimi nitaongeza ya ukuta na mlango, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Ndugu BabaWawili, umesema majengo yote yanafanana. Tafuteni mahali plasta ilipobanduka, na Mtaa wa India hamtatembea hatua nyingi bila kupapata. Mtaona mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, makubwa kwa madogo, yamepangwa ndani ya udongo na chokaa, si matofali. Mkiyasogelea mtaona katika jiwe lenyewe vijitundu vya matumbawe na mara nyingine ganda la kombe. Mwambie mtoto apitishe kidole. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yapoe kwa muda mrefu kabla ya kutumika.

Tazameni kisha dari, pale mtakaporuhusiwa kuingia. Mihimili ni boriti za mikoko zilizolazwa kwa karibu, na juu yake mawe na chokaa iliyopondwapondwa. Boriti ya mikoko inayofaa kazi hiyo haizidi sana mita 3, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za zamani za pwani yetu ni vyembamba na virefu, tajiri awe tajiri kiasi gani. Ukishalijua hilo utatambua mara moja chumba kilichoongezwa baadaye, maana kitakuwa kipana kupita urefu wa boriti.

Jambo linaloniumiza mtaliona pia. Kuta nyingi zimezibwa kwa saruji na watu wenye nia njema. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiuvika saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya masika kadhaa plasta hutoka kwa vipande vikubwa ikiwa imeng'ang'ania jiwe. Nyumba inayoonekana imepakwa rangi nzuri kuliko jirani zake huenda ndiyo iliyo mgonjwa zaidi. Tafuteni chini ya kuta, kimo cha goti, mtaona mstari wa chumvi nyeupe.

Kuhusu milango, msiishie kuipiga picha kwa mbali. Simameni mbele ya mmoja mzuri na mtazame sehemu tatu: kizingiti cha juu, ambacho ndicho hubeba nakshi nyingi kuliko kwingine, miimo ya pembeni, ambayo nakshi zake huanzia chini na kupanda, na mfaa, ule mti wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja wa mlango na kufunika uwazi ubao wa pili unapofungwa. Milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ile yenye upinde si ya mkono mmoja. Ya vibao vidogo vidogo vya mraba na masumari ya shaba ina asili ya Kihindi, na hupatikana zaidi katika nyumba zilizokuwa maduka. Mtaona waridi, samaki, mtende, na pembeni mwa miimo nakshi ya mnyororo. Mnyororo huo wengi husema ulikuwa alama ya mwenye watumwa, na wengine husema ni kinga ya nyumba. Kwa kuwa ninaona nakshi hiyo kwenye milango ya kila aina ya mwenyewe, mimi siwezi kumhukumu mtu kwa fremu ya mlango wake.

---

Binti wa Magomeni

Nawasalimu wote. Mimi ni mwenyeji, na ninaomba kutofautiana kidogo na wazo lote la kutembea bila mtu wa mji.

Sisemi hamtaweza. Mitaa ni michache, ardhi ni tambarare, na mtu haendi akapotea. Lakini nyumba nyingi mnazozisifia humu wanaishi watu, wanapika uani na kuanika nguo, na mgeni anayeingiza kichwa dirishani kutazama boriti anaweza kuwa anatazama chumba cha kulala cha mama mzazi. Mkiwa na kijana wa hapa, atapiga hodi kwa niaba yenu na mtakaribishwa ndani ambako peke yenu msingefika. Kama mmeamua kwenda wenyewe, basi salimieni kabla ya kutoa simu, mwombe ruhusa ya kupiga picha mlango wa mtu hata kama yeye hayupo ndani ya picha, na mavazi yawe ya heshima, kwa kuwa misikiti iko katikati ya mitaa hiyo na Adhuhuri mtakutana na waumini.

Kuna pia suala la ulipaji. Baadhi ya majengo ya kihistoria yana kiingilio cha serikali, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Lipieni kwenye ofisi pale Caravan Serai, mdai risiti, na muulize inahusu majengo yapi, ili msidaiwe tena mbele ya safari na mtu asiye na kitambulisho.

Mwisho, karibu na forodha pana soko la samaki. Hapo pana harufu, pana moshi wa mafuta, pana sakafu ya kuteleza, na mzee mwenye mkongojo awe na mtu wa kumshika mkono. Lakini msipaache. Mwalimu amesema mji ulikufa biashara. Asubuhi mkiwaona wanaonadi samaki na mashua zinazoshusha mzigo mchangani pale pale palipotozwa ushuru wa pembe, mtaona kwamba haukufa wote.

---

BabaWawili

Nimefarijika sana. Dada, nimelipokea neno lako. Nitawaeleza watoto habari ya kubisha hodi na kuomba ruhusa, na nafikiri tutamtafuta kijana wa mji kwa saa moja tu ya Mtaa wa India, kisha tuendelee wenyewe. Fundi, baba mkwe wangu alikuwa seremala, na tangu nilipomsomea aya yako ya milango ameanza kuuliza tunaondoka lini.

Limebaki swali la misheni na Kaole. Mzee atatembea vizuri kwa saa mbili au tatu ikiwa patakuwa na mahali pa kukaa. Je, tuache kimoja?

---

Mtembea Pwani

Niruhusuni nijibu kuhusu Kaole, kwa kuwa naona imewekwa mwishoni kama kiporo. Iko takriban kilomita 5 kusini mwa mji, na ninyi mnatoka Dar es Salaam, kwa hiyo mtapita karibu nayo asubuhi. Ingieni kwanza huko, kwa gari, kabla jua halijakaza. Ni mahame ya mji uliotangulia Bagamoyo kwa karne nyingi: msikiti wa karne ya 13 ambao kibla chake bado kinatambulika, mwingine wa baadaye, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ambazo zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Vipande vilivyookolewa vimo katika chumba kidogo cha maonyesho. Bahari nayo imerudi nyuma, na palipokuwa bandari pamejaa mikoko. Mtu aliyeona hivyo asubuhi hatashangaa tena kuambiwa kwamba bandari huweza kufa, na atakapofika forodha atakuwa anatazama kifo cha pili. Njia za ndani ni za udongo na zina mizizi, lakini ni fupi, na kivuli kipo.

---

Mwalimu wa Zamani

Marahaba Fundi, na ahsante Mtembea Pwani. Kwa mtu anayetoka Dar hoja yako ni sahihi kuliko mpangilio wangu. Nitaongeza sharti moja: Kaole isizidi saa moja, la sivyo mzee atafika Caravan Serai jua likiwa utosini.

Misheni, Ndugu BabaWawili, iweni nayo alasiri, na mwende kwa gari, kwa kuwa kutoka posta ya zamani mpaka huko si mwendo wa kumtembeza mtu aliyekwisha kuzunguka mji. Mteremkie mwanzoni mwa njia ya miembe, muimalizie kwa miguu. Miti hiyo ilipandwa na wamisionari wenyewe na kivuli chake kimeungana juu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Kanisa kubwa mtakaloliona kwanza ni la mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ninyi litafuteni lile dogo la 1872, au tuseme mnara wake, maana humo ndimo mwili wa Livingstone ulimolazwa tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei ya mwaka uliotangulia katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi mpaka pwani. Watoto hulijua jina la Livingstone kutoka shuleni. Hakikisheni wanaondoka wakiyajua pia ya Chuma na Susi, kwa kuwa walikuwa wamefanya kazi ile ile ya wapagazi wa Caravan Serai, na safari yao iliishia mji ule ule.

Makumbusho yamo katika nyumba iliyokuwa ya masista, na yana picha za zamani za mji ambazo zitawasaidia kutambua majengo mliyoyapita asubuhi. Nje upo mbuyu uliomeza mnyororo: mama mmoja wa Kifaransa aliyehudumu katika zahanati ya misheni alikuwa akifungia punda wake hapo, mnyororo ukaachwa, na mti ukaendelea kunenepa mpaka kikabaki kipande kifupi kinachochungulia katika gome. Kitafuteni kwa kuuliza, kwani kila mwaka kinazidi kuwa kifupi. Mzee mwekeni kwenye benchi karibu na hapo wakati watoto wanazunguka makaburi ya wamisionari.

Kwa kuwa mnakwenda Jumamosi, huenda mkakuta harusi kanisani na magari yamejaa uwanja mzima. Pigeni simu misheni siku moja kabla mjue ratiba yao na saa ya kufunga makumbusho, na mkipata jibu kwamba yanafungwa mapema, geuzeni siku: misheni mara baada ya Kaole, Mtaa wa India alasiri, ambapo nyumba za upande wa magharibi zitakuwa zimetia kivuli barabara yote.